Jinsi ya kupendekeza kipengele kipya kwenye gemu ya kutunga hadithi kwa pamoja, na kikasikilizwa

Hizi gemu za kutunga hadithi kwa pamoja mtandaoni, zile mnazoandika kwa zamu, mmoja anaanzisha mwingine anaendeleza, watu watano hata hawajawahi kuonana wanajenga kijiji kizima na kukichoma moto kabla ya Ijumaa, zina kitu kimoja: kila anayezicheza kwa muda kidogo anapata wazo la kuziboresha. Na mawazo mengi yanaishia kwenye rundo la "tutaliangalia". Siyo kwamba watengenezaji wana roho mbaya, ni kwamba ombi linafika limeandikwa "wekeni voisi" au "wekeni AI" basi, nusu mstari, na anayelisoma hajui hata ulikuwa unafanya nini mpaka ukalihitaji.

Huhitaji kujua kuandika kodi (yale maandishi ya kuunda programu za kompyuta) hata kidogo. Unachojua wewe na wao hawakijui ni hadithi inakwamia wapi mikononi mwa watu wanaoicheza, na hicho ndo cha kuwapelekea.

Hatua ya 1: Jua gemu yako inaishi kwa kanuni gani

Hapa wengi wanaruka haraka, af wanaomba kitu ambacho kikiwekwa gemu inakufa.

Chukua ule mchezo wa karatasi wa wasurealisti, wale wasanii na waandishi wa mambo ya kindotondoto, wa Paris miaka ya 1920. Unaandika kipande chako, unakunja karatasi, unampa mwenzako anaendelea bila kuona ulichoandika, mkimaliza mnaikunjua na kusoma maajabu. Kuna gemu za mtandaoni zimejengwa juu ya wazo hilohilo, unaona kipande cha mwisho tu halafu unaendeleza kutoka hapo. Sasa kila mara anatokea mtu anasema jamani ingekuwa vizuri tuone hadithi yote kabla ya kuandika. Ndugu yangu, kutoona ndiyo gemu yenyewe! Ukiondoa hilo unabaki na karatasi tu.

Upande mwingine kuna gemu kama Storium, ambayo 2014 ilichangiwa zaidi ya dola 250,000 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi. Kule kuna msimulizi anayefungua onyesho na kuweka vikwazo, na wachezaji wanaandika huku wakicheza kadi, kuna za nguvu za mhusika na kuna za udhaifu wake, na kadi walizocheza ndizo zinazoamua kikwazo kinaisha vizuri au vibaya. Uzuri wake ni kwamba kadi ni za kuhesabu, huwezi kucheza nguvu siku zote, itafika mahali shujaa wako lazima aboronge. Kwa hiyo ukienda kuomba "tuwe tunachagua kadi yoyote muda wowote" unaomba watu wote wawe mashujaa wasioshindwa, na hadithi ya mtu asiyeshindwa nani ataisoma.

Kwa hiyo kabla ya yote soma kanuni, soma na orodha ya mabadiliko yaliyokwisha kuwekwa, tafuta kama wazo lako limeshaombwa na lilijibiwaje. Likishakuwepo usifungue jipya, nenda pale pale uongeze mfano wako. Hilo tu linakutofautisha na watu wengi sana.

Hatua ya 2: Kamata pale palipouma

Usianze na suluhisho. Anza na tukio. Ukiwa unacheza na kitu kikakukera, simama hapo hapo, piga skrinishoti, andika mistari miwili mitatu: ilikuwa zamu ya nani, nilitaka kufanya nini, gemu ikafanya nini, wenzangu wakafanya nini.

Tuseme mnaandika hadithi ya kijiji cha wavuvi. Mwandishi wa kwanza anaandika kwamba Mzee Chambi ametumbukia kisimani amekufa. Mwandishi wa pili anakesha anaandika msiba, matanga, watoto kugombania mashua, imetulia kweli kweli. Asubuhi yule wa kwanza anajuta, anaingia kwenye kipande chake anahariri, Mzee Chambi sasa hakufa, alivunjika mguu tu. Basi mna hadithi ambayo mtu anazikwa mzima na hakuna hata mwombolezaji mmoja anayeshangaa.

Ukiandika "zuieni watu kuhariri" utapata upinzani, kwa sababu watu wanahariri makosa ya herufi kila siku na hakuna anayeumia. Ila ukieleza kisa cha Mzee Chambi, mtengenezaji mwenyewe anaanza kuona njia kibao: kipande kifungwe mtu wa pili akishaandika, au herufi zirekebishike lakini mabadiliko makubwa yamfikie aliyefuata ayakubali kwanza, au toleo la zamani libaki linaonekana. Pengine atachagua njia ambayo wewe hukuiwaza kabisa na ikawa nzuri kuliko yako, kwa sababu yeye anajua mfumo unavyofanya kazi kwa ndani.

Hatua ya 3: Jiulize kinamnyang'anya nani kalamu

Ukiwa na haraka ruka hatua nyingine zote lakini hii usiiruke.

Kwenye gemu ya mpira au ya magari kipengele kipya kinaweza kuwa kizuri kwa kila mtu. Kwenye gemu ya hadithi ni nadra sana. Karibu kila kitufe kipya kinampa mtu mmoja mamlaka zaidi juu ya hadithi na kumpunguzia mwingine. Kitufe cha kufuta kinampa nguvu anayefuta dhidi ya aliyeandika. Kura ya wasomaji kuamua nani aishi nani afe inawanyang'anya waandishi. Kikomo cha maneno kinawabana wanaopenda kumwaga kurasa na kuwalinda wale wa mistari mitatu wasimezwe. Siyo kwamba ni vibaya, ila lazima ujue unamgusa nani na useme wazi kwenye pendekezo lako, maana usiposema wewe, atasema aliyeguswa, tena kwa hasira.

Angalia hili linaloombwa sana sa hivi: mchezaji akipotea, roboti ya AI imwandikie zamu yake ili hadithi isisimame. Kwa haraka unaona sawa. Sasa fikiria wewe ndo umepotea. Umeme ulikatika, simu ikazima, unarudi kesho yake unakuta binti uliyekuwa unamlea tangu mwanzo, mwenye siri uliyokuwa unaisubirisha, ameshaitoa siri yote kwa mistari minne na ameolewa. Nani kaandika? Hakuna mtu. Mimi binafsi hilo nalipinga, lakini hata anayelitaka anaweza kulipunguza makali: roboti imtoe mhusika kwenye onyesho tu, amekwenda sokoni, amelala, isimsemee neno na isimwamulie jambo. Hapo hadithi inasonga na mwenye mhusika bado ana mhusika wake.

Kuna mfano mzuri wa kipengele kilichogusa mamlaka na bado kikapokelewa na watu wengi, nao umetoka kwenye gemu za mezani, zile watu wanakaa pamoja kusimulia na kuigiza hadithi. Mbunifu wa gemu John Stavropoulos alileta kadi yenye alama ya X, inakaa katikati ya meza. Hadithi ikifika mahali mtu hawezi kuvumilia, anaigusa au anaiinua, kilichokuwa kinasimuliwa kinaondolewa, na hatakiwi kueleza kwa nini. Angalia ilivyopimwa: inampa kila mmoja uwezo uleule, na haimwambii msimulizi aandike nini, inasema tu hiki kitoke. Ukiwa unapendekeza kitu cha usalama, mfano kwenye hadithi zinazogusa ubakaji, vita au kifo cha mtoto, anzia hapo, usianzie kwenye orodha ya maneno yaliyokatazwa. Orodha kama hiyo itamfungia anayeandika habari za hospitali na itampitisha mtu mbaya anayejua kupindisha tahajia.

Hatua ya 4: Kijaribu kwa mkono kwanza

Vipengele vingi vya gemu za hadithi vinaweza kujaribiwa bila kodi yoyote, kwa makubaliano tu. Unataka kitufe cha kuruka zamu? Kubalianeni kwamba mtu akiandika RUKA peke yake, anayefuata anaendelea. Unataka daftari la wahusika, kwa sababu kila mara mtu anasahau kwamba Zubeda ana jicho moja na kumfanya akonyeze? Fungueni ukurasa mmoja wa maelezo, kila anayeanzisha mhusika aandike pale jina, umri, alama, na nani anammiliki. Hata kadi za nguvu na udhaifu mnaweza kuzicheza kwenye grupu la WhatsApp, mmoja akawa anahesabu kwenye kikaratasi.

Chezeni hadithi moja hivyo mpaka iishe. Mtajua mambo ambayo kichwani hayaonekani. Kwenye RUKA mtagundua kuna mtu ataruka kila zamu ya vita kwa sababu hapendi kuandika vita, je hiyo ni sawa? Kwenye daftari mtagundua watu wanalijaza siku ya kwanza tu, baadaye Zubeda anapata mume na watoto wawili na daftari bado linasema ni msichana wa miaka 16, maana yake kinachohitajika siyo daftari, ni kitu cha kumkumbusha mtu kulijaza pale pale anapoandika. Hilo ni pendekezo tofauti kabisa na ulilokuwa nalo.

Hatua ya 5: Liandike

Fupi, wazo moja kwa pendekezo moja. Ukiwa na mawazo matano andika mapendekezo matano, maana yakikaa pamoja lile bovu litayazamisha yote. Kichwa kiseme kinachobadilika, siyo "wazo zuri sana!!". Hivi ndivyo mimi ningeliandika la kuruka zamu:

> Mchezaji aweze kuachia zamu moja bila kutolewa kwenye hadithi
>
> *Kinachotokea sasa:* Tuko watano, zamu inazunguka. Mmoja akipata safari au mtandao ukikata, wote tunasubiri saa 48 mpaka zamu yake ife yenyewe. Akikosa mbili mfululizo mfumo unamtoa, na mhusika wake anabaki hana mwenyewe. Anajua tangu asubuhi kwamba leo hataweza, ila hana pa kusema.
>
> *Ninachopendekeza:* Chini ya sehemu ya kuandika kiwepo kitufe "Ruka zamu hii". Zamu inahamia kwa anayefuata papo hapo. Haihesabiki kama kukosa.
>
> *Nani anaathirika:* Anayefuata anapata zamu kabla hajajiandaa, kwa hiyo muda wake uanze kuhesabiwa upya. Mwenye kuruka anapoteza nafasi ya kujibu yaliyompata mhusika wake kwenye mzunguko huo.
>
> *Kinachoweza kuharibika:* Mtu kuruka kila mara. Pengine isizidi mbili mfululizo, ya tatu ihesabike kama kukosa.
>
> *Tumejaribu:* Kwenye hadithi moja kwa kuandika RUKA. Imesaidia, shida ilikuwa neno hilo linabaki ndani ya hadithi na msomaji wa nje haelewi.
>
> *Siombi:* Mtu kumrusha mwenzake. Kila mtu aruke yake tu.

Basi. Inasomeka kwa dakika mbili. Ile ya mwisho, "siombi", watu hawaiandiki na ndo inayookoa mjadala, maana mtu wa kwanza kujibu atakuja na "kwa hiyo mtu akinichukia ananiruka?" na unakuta kila mtu anabishana na kitu ambacho hukukisema.

Hatua ya 6: Sema yale ambayo walioko mbali hawayaoni

Gemu nyingi hizi zimetengenezwa Ulaya au Marekani, na kuna vitu ambavyo aliyeko kule havimgusi kabisa. Siyo dharau, hajakutana navyo. Hapa wewe ndo mtaalamu.

Muda kwanza. Gemu inayofunga zamu usiku wa manane kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa, kwa aliyeko Dar, Nairobi au Kampala inafunga saa tisa usiku, na aliyeko Kigali au Bujumbura saa nane. Af kuna hili la kusoma saa: skrini ikiandika mwisho ni 8:00, kuna mtu ataiona nane, akili yake itaenda saa nane mchana kwa saa zetu, kumbe ilikuwa saa mbili asubuhi na zamu imeshakwenda. Pendekezo ni rahisi mno na halihitaji kubishana na mtu: badala ya kuonyesha saa, ionyeshe muda uliobaki. "Zimebaki saa 6 na dakika 10." Hapo hakuna wa kukosea, awe Mombasa, Muscat au Toronto.

Pili bando. Kama kila ukifungua hadithi ndefu simu inavuta vipande vyote tangu cha kwanza pamoja na picha za wahusika, anayelipia intaneti kwa MB anaikimbia gemu kabla haijanoga. Omba vivutwe vipande vya mwisho tu, vingine mtu akivuta juu, na picha ziwe za hiari. Omba pia rasimu ihifadhiwe kwenye simu, maana kuandika aya tatu safi halafu mtandao ukakata wakati unatuma, ukarudi kukuta kisanduku cheupe, hapo watu wanaacha gemu na hawarudi tena.

Kama unaomba Kiswahili, usiombe "wekeni Kiswahili" basi. Waambie sentensi za mfumo zisiunganishwe vipande vipande. Kwa Kiingereza wanaweza kuchukua jina la kitu chochote wakalibandika mbele ya tendo moja likakubali. Kwetu mhusika ameingia, kisu kimeingia, mashua imeingia, maji yameingia. Wakibandika kila kitu mbele ya "ameingia" utasoma "kisu ameingia" ucheke peke yako. Kila ujumbe uandikwe mzima kwa aina ya kitu, na jitolee kuwaandikia, orodha haiwi ndefu kiasi hicho.

Na tunacho cha kuwapa pia. Kwetu msimulizi haanzi peke yake, anasema paukwa na wasikilizaji wanaitika pakawa, au anasema hadithi hadithi wanamjibu hadithi njoo. Wakinyamaza haanzi. Hicho kwenye gemu ni kipengele kamili: onyesho lisifunguke mpaka idadi fulani ya wachezaji wamebonyeza kuitika. Unaondoa ile shida ya msimulizi kufungua onyesho halafu kumbe watatu kati ya watano walishaacha kucheza zamani, mnabaki kama daladala inayomsubiri abiria aliyekwisha fika nyumbani.

Hatua ya 7: Kura na ufuatiliaji

Pendekezo likishakuwa hewani jibu maswali, rekebisha pendekezo kule juu pale mtu anapotoa hoja ya maana, na useme umelirekebisha. Usikusanye marafiki wasiocheza waje kulipigia kura, inaonekana na inakera.

Kuhusu kura zenyewe, kuna historia nzuri. Mwaka 1990 Pavel Curtis wa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kule California, alianzisha LambdaMOO, dunia ya maandishi matupu ambayo wachezaji wenyewe walikuwa wanajenga vyumba na vitu vyake. Wasimamizi waliitwa wachawi. Desemba 1992 wachawi wakatangaza wanabaki na mambo ya kiufundi tu, ugomvi wa watu wamalizane wenyewe. 1993 likatokea tukio la mchezaji kuwadhalilisha wenzake vibaya kwa maandishi, na ikawa hakuna utaratibu wa kumshughulikia. Baada ya hapo ukaja mfumo wa maombi: mchezaji anaandika ombi, anakusanya sahihi, wachawi wanalikagua, halafu linapigiwa kura, na ili lipite za ndiyo zilitakiwa ziwe mara mbili ya za hapana.

Kinachonivutia mimi ni ule ukaguzi. Wachawi hawakutakiwa kuuliza kama wanalipenda ombi. Waliuliza limeeleweka kiasi cha kutekelezwa? Linawezekana kiufundi? Halivunji sheria? Halihatarishi mfumo? Pitisha lako kwenye maswali hayo manne kabla hujalituma, utakuta lile la kwanza ndilo linaloangusha mengi. Na kwa taarifa tu, mfumo ule haukumaliza ugomvi, 1996 wachawi walitangaza kwamba hawatajizuia tena kuamua mambo ya kijamii. Kwa hiyo ukiona gemu yako kura nyingi zimepita na bado watengenezaji wamesema hapana, siyo lazima wamekudharau, mtu anayeamka usiku seva ikianguka ana neno lake.

Hatua ya 8: Wakikubali, wakikataa

Wakikubali, watakuwekea toleo la majaribio, na hapo ndo wanapokuhitaji kuliko mwanzo. Lijaribu kwenye hadithi mpya usiyoipenda sana, siyo ile ya mwaka mzima. Jaribu kuliharibu: ruka zamu wawili kwa pamoja, ruka ukiwa umeshaandika nusu ya kipande, ruka mkiwa mmebaki watu wawili tu. Andika kila kitu kilichotokea, na simu uliyotumia.

Wakikataa, uliza swali moja tu: shida ni wazo au ni kazi ya kulitengeneza? Kama ni kazi, omba toleo dogo zaidi, mfano badala ya kitufe cha kuruka, mwenye hadithi apewe uwezo wa kuongeza muda. Kama ni wazo lenyewe, endeleeni nalo kama kanuni ya ndani ya kundi lenu, iandikeni kwenye maelezo ya hadithi pale juu ili mgeni anayejiunga aione kabla hajaandika, na neno RUKA liwekeni ndani ya mabano ili msomaji ajue siyo mhusika anayesema.